Nati ya Feni Iliyogoma: Siku Mbili na Klachi ya Lori Moja

Kisa hiki nakiandika nikiwa sehemu ya kosa. Kijana wangu ndiye aliyeivuta ile nati upande usio wake tangu asubuhi hadi jioni, lakini neno la kwanza lilitoka kinywani mwangu. Aliniuliza akiwa ameinamia injini, "Fundi, hii inafunguka wapi?" Nami, bila hata kuinua uso kutoka kwenye giaboksi niliyokuwa nimeitandaza chini, nikamjibu, "Hizo zote ni uzi wa kushoto. Fungua kama unakaza." Kijana akatii.

Lori lenyewe lilikuwa dogo, la mizigo ya kati, injini imekaa kwa urefu, rejeta mbele, na feni imekaa kwenye klachi yake, kifaa kinachoifanya ishike au iteleze kulingana na joto, nayo klachi imeshikwa kwenye shafti ya pampu ya maji kwa nati moja kubwa ya milimita 36. Dereva alilalamika kwamba likiwa na mzigo kwenye mlima wa mwendo wa pole, mshale wa joto unapanda mpaka anaogopa. Akikaa kwenye foleni, hivyo hivyo. Akishika barabara iliyo wazi, mshale unashuka wenyewe. Maelezo kama hayo ni nusu ya kazi. Gari likienda kasi, upepo wa mwendo unatosha kuipoza rejeta. Likienda taratibu au likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo gari linalochemsha likiwa pole na kupoa likikimbia, feni ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Hatukukimbilia kufungua. Rejeta ilikuwa imejaa, mapezi yake hayakuziba kwa tope wala wadudu, thamostati ilikuwa inafunguka. Injini ilipopata moto kisawasawa tukaizima, ufunguo ukatolewa, nikaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka kama gurudumu la baiskeli lililoinuliwa juu. Klachi isiyo na ubovu, injini ikiwa na moto, inakupa uzito mkononi. Unaisukuma feni na inasimama karibu pale pale, kama unakoroga asali. Nikashika ncha ya panga moja la feni nikaitikisa mbele na nyuma, ikacheza zaidi ya milimita 6. Na kwenye uso wa klachi kulikuwa na mistari ya vumbi lililoganda kwa mafuta, ikitoka katikati kwenda pembeni kama miale. Hayo ni mafuta ya silikoni yaliyokuwa ndani, yamevuja na kurushwa nje kwa mzunguko. Klachi imekufa; hapo hapakuwa na mjadala.

Kwa asiyewahi kuifungua, hii klachi haina diski zinazobanana kama ile ya giaboksi. Ndani yake kuna sahani yenye mifereji inayozunguka na shafti, na gamba la nje linaloshika feni, na kati yao mwanya mwembamba. Mafuta mazito ya silikoni yakiingia kwenye mwanya huo, sahani inaliburuta gamba, feni inachukua mwendo. Mafuta yakirudi kwenye chumba chake cha akiba, feni inateleza na kubaki nyuma. Anayeamua ni springi ya bati mbili iliyojikunja kama konokono usoni mwa klachi: inahisi hewa inayotoka kwenye rejeta, na hewa hiyo ikifika nyuzi joto 70 na kitu inafungua kijilango ndani. Klachi nyingi za namna hii, zikishika, huizungusha feni kwa asilimia 60 hadi 90 ya mwendo wa shafti, na zikiachia, asilimia 20 hadi 30 tu. Shika neno moja kutoka hapa: hata ikishika kabisa, feni haifikii mwendo wa shafti. Daima iko nyuma kidogo.

Sasa siku ya kwanza. Kijana alifanya alichoona ni maandalizi mazuri. Alichomoa waya hasi wa betri, akafungua bolti za kava la feni, akasukuma kava nyuma kidogo kupata nafasi, akaweka kipande cha boksi gumu mbele ya rejeta ili spana ikiteleza isichane mapezi. Yote sawa, na hilo la boksi sikumfundisha mimi. Kisha akalegeza tenshena na kutoa mkanda, apate nafasi zaidi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kuharibika, hata kabla ya suala la upande. Mkanda ndio mshikaji wa kwanza wa puli. Ukiwepo na tenshena ikiukaza, puli ya pampu haizunguki ovyo ukivuta nati, kwa sababu inabidi iburute krenki (shafti kuu ya injini), altaneta na kila kilichofungwa kwenye mkanda huo. Ukiutoa, puli inakuwa huru kama pia ya kuchezea: unavuta spana, nati inazunguka, puli inazunguka nayo, na hakuna kinacholegea. Kijana aliligundua hilo haraka, akaanza kutafuta kitu cha kuishikia puli. Kwanza bisibisi refu likachomekwa kati ya vichwa vya bolti za puli. Likapinda. Kisha mnyororo ukazungushwa kwenye puli na kufungwa kwenye brakti. Ukashika kiasi, ukateleza, ukashika tena. Spana yetu ya 36 ilikuwa nene, haikuingia kati ya puli na mapanga, basi akachukua spana malaya, ile ya taya la kurekebisha, akaibana alivyoweza, akachomeka bomba la karibu mita moja kwenye mpini wake, akavuta kufuata mwendo wa saa. Kama alivyoambiwa.

Tupige hesabu kidogo, maana watu huidharau. Mtu akilalia bomba la mita moja kwa uzito wa kilo 40 tu, anaweka kwenye nati mkazo wa karibu newtonmita 400. Hata kama mnyororo ulikuwa unateleza na nusu tu ndiyo iliyofika, ni 200. Nati za namna hii, kwenye magari madogo na pikapu, hukazwa kiwandani kwa makumi, si mamia. Kwenye BMW nyingi za zamani zenye feni ya aina hii, kwa mfano, ni 40 tu. Kwa hiyo kijana, kwa bidii yake yote, alikuwa anaikaza nati kwa mkazo ambao aliyelitengeneza lori hakuwahi kuufikiria.

Mpaka jioni pembe mbili za nati zilikuwa zimeanza kuviringika. Spana malaya ina ubaya huo: taya lake linacheza kidogo, na kila likicheza linakula pembe. Fundi mmoja jirani akapita, akatazama, akatoa ushauri ambao nimeusikia mara nyingi: bana spana kwenye nati, mpini wake uegemee fremu, rudisha betri, gusa stata mara moja. "Itafunguka yenyewe," akasema. Nilikataa wakati ule kwa sababu ya usalama tu. Spana ya kilo mbili ikichomoka pale ilipo inapitia kwenye rejeta au kwenye uso wa mtu. Usiku ule, nikilifikiria tena, ndipo nilipoona kwamba ushauri ule ulikuwa na kasoro nyingine kubwa zaidi, na kasoro hiyo ndiyo ikanifungua macho.

Ile mbinu ya stata inatokana na bolti ya puli ya krenki. Pale inafanya kazi: krenki inazunguka kufuata saa ukiitazama kwa mbele, bolti ina uzi wa kawaida na imezuiwa na spana, kwa hiyo krenki inaikimbia bolti na bolti inafunguka. Nikajiuliza, na kwenye feni itakuwaje? Shafti ya pampu itazunguka upande wake wa kila siku, nati imezuiwa. Lakini hiyo si ndiyo hali ya kila siku ya nati ile? Feni ni nzito, inapinga hewa, iko nyuma ya shafti muda wote. Injini ikifanya kazi, shafti inaivuta nati, na feni inairudisha nyuma. Kama kurudishwa nyuma huko kungekuwa kunaifungua, feni ingechomoka na kuingia kwenye rejeta wiki ya kwanza. Basi aliyebuni alichagua uzi ambao kurudishwa nyuma kunaukaza. Kwa maneno mengine, kugusa stata huku nati imezuiwa kungekaza zaidi. Na ukigeuza sentensi hiyo, unapata jibu la swali la kijana: nati ya feni inafunguliwa kuelekea upande ule ule ambao feni inazunguka injini ikiwa hai.

Sikuwahi kuliweka hivyo kichwani. Miaka yote nilikuwa nimebeba "uzi wa kushoto" kama jina la kitu, kwa sababu magari mengi niliyofungua pampu zake zilizunguka kufuata saa, na pampu inayofuata saa inataka uzi wa kushoto. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa magari yale. Kwa lori lile nilikuwa sijatazama.

Asubuhi ya pili nilikwenda moja kwa moja kwenye puli ya pampu na tochi. Mkanda haukuwepo, ulikuwa umetundikwa ukutani, kwa hiyo sikuweza kuona njia unayopita. Lakini puli yenyewe ilisema. Ilikuwa laini. Haina mfereji hata mmoja. Uso wake umelala tambarare na kung'aa kama kijiko. Puli ya krenki ina mifereji, ya altaneta ina mifereji, ya pampu haina. Mkanda wa siku hizi una mifereji upande wa ndani na mgongo laini upande wa nje. Puli yenye mifereji inashikwa na tumbo la mkanda na inazunguka upande mmoja na krenki. Puli laini inashikwa na mgongo, na inazunguka kinyume. Kwa hiyo pampu ya lori lile, ukiitazama kwa mbele, inazunguka kinyume cha saa. Nati inafunguka kinyume cha saa. Uzi wa kulia, uzi wa kawaida kabisa, kama wa nati yoyote ya tairi ya gari dogo.

Nilimwita kijana nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kwenye benchi akafungua boksi la klachi mpya. Tulikuwa nayo tangu juzi. Nati yake imeungana na klachi, na uzi uko ndani, unaonekana kwa macho. Akachukua nati kubwa ya kawaida kutoka kwenye kopo, akaviweka viwili hivyo kando kwa kando, midomo ikitazama upande mmoja, akachungulia. Mteremko wa nyuzi ulifanana. Uzi wa kulia. Jibu lilikuwa ndani ya boksi muda wote, futi tatu kutoka tuliposimama tukitoa jasho.

Aliponitazama sikuwa na la kusema. Nilimwambia tu, "Hili ni langu."

Kujua upande, hata hivyo, hakukulegeza nati. Tulikuwa tumeikaza siku nzima juu ya kutu ya miaka. Jambo la kwanza lilikuwa kurudisha mkanda mahali pake kwa kufuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti, na kuiachia tenshena ikaze. Kisha tukapuliza mafuta ya kulegeza kutu pale nati inapokutana na shingo ya puli, kwa nyuma, maana ndiko uzi unakoanzia. Kupuliza usoni mwa klachi ni kuoga tu. Tukagonga pande za nati taratibu kwa nyundo ndogo ili mafuta yaingie, tukaacha, tukarudia, na kati ya hapo tukatengeneza vifaa viwili.

Cha kwanza ni kishikio cha puli. Puli ya pampu ile ina bolti nne, na vichwa vyake vinaonekana pembeni ya nati. Tulichukua bati la chuma bapa, la unene wa milimita 6 hivi na urefu wa zaidi ya nusu mita, tukatoboa matundu mawili mwishoni yanayovaa vichwa vya bolti mbili zinazopakana, na upande mmoja tukaukata kwa mviringo upite kando ya nati. Ukilivalisha, puli haina pa kwenda. Kitu cha kuangalia ni mahali bati linapoegemea. Kwa kuwa tunafungua kinyume cha saa, bati nalo litataka kukimbilia kinyume cha saa, basi lazima lizuiwe upande huo na kitu kigumu. Sisi tuliliegemeza kwenye brakti nene ya altaneta. Si kwenye bomba la ekoni, si kwenye tangi la plastiki la rejeta, wala si kwenye mkono wa mtu.

Cha pili ni spana. Tuliichukua ile ya 36 iliyokuwa nene tukaisaga ubavuni kwa jiwe mpaka ikaingia kwenye nafasi, tukiipoza kwa maji kila mara ili chuma kisipoteze ugumu. Spana ya mdomo inayokaa sawasawa kwenye nati, hata ikiwa fupi, inashinda spana malaya yenye bomba la mita mbili. Pembe zilizoviringika tulizisawazisha kidogo kwa tupa ili mdomo ukae.

Kuna aliyetaja moto wa gesi. Kwa nati nyingine ningekubali, kuchoma nati ni dawa ya zamani na inafanya kazi. Hapa sikubali, na ningemzuia yeyote. Klachi ni chombo kilichofungwa chenye mafuta ndani. Nyuma ya nati kuna sili ya pampu na beringi yenye grisi. Kushoto na kulia kuna mkanda wa mpira na mapanga ya plastiki. Ukimaliza kuchoma utakuwa umenunua pampu, mkanda na feni, na bado hujui kama nati imelegea.

Kisha tukapiga. Hili la kupiga badala ya kuvuta linahitaji maneno, kwa sababu mtu mwenye nguvu huona kama ni kukubali kushindwa. Ukivuta spana polepole, nguvu inapata muda wa kutafuta njia rahisi. Mkanda unateleza, tenshena inakubali, krenki inajongea, kishikio kinajipinda. Nati haisikii chochote mpaka hivyo vyote vimeisha kujinyoosha. Pigo la nyundo linafika na kuondoka kabla puli haijaanza kujongea. Uzito wa puli wenyewe, na wa kila kilicho kwenye mkanda, unakuwa kishikio kwa ile sehemu ndogo ya sekunde. Na kutu haipendi mshtuko. Inavunjika kama ukoko, wakati mvuto wa pole inauvumilia.

Nilivalisha spana mpini ukielekea juu upande wa kulia, nafasi ya nyundo ikiwa nzuri zaidi hapo, kijana akashika bati la puli. Nyundo ya kilo moja na nusu, pigo fupi kwenye ncha ya mpini. Mapigo ya kwanza yalilia sauti ya chuma kikavu, ile ya kengele, inayokuambia kwamba hakuna kilichotokea. Nikapumzika, mafuta tena, nikarudia. Nilihesabu kwa mazoea tu. Pigo la tisa au la kumi lilitoa sauti tofauti, nzito, kama mtu amepiga gogo. Spana ilikuwa imesogea upana wa kidole. Pigo jingine, ikasogea zaidi. Kuanzia hapo ilikuwa mkono mtupu.

Ambao wana kompresa hutumia patasi ya upepo yenye ncha butu, ikisukuma pembe ya nati kuelekea upande wa kufungua. Inafanya kazi kwa sababu ile ile, mapigo mengi madogo ya haraka. Mimi naipenda kidogo tu: inakwangua nati, na ikiteleza iko jirani na rejeta. Lakini kwa nati ambayo pembe zake zimeshaisha kabisa haina mpinzani, na kama mapigo yangu yangeshindwa, ningeenda kuiazima.

Nati inapokaribia kuisha uzi, mtu mmoja lazima awe ameshika feni. Klachi na feni vikiwa pamoja ni kilo kadhaa, na vikiachia vinaangukia mbele, kwenye rejeta. Kwenye lori lile kava halikutoka peke yake, nafasi ilikuwa ndogo; tulitoa feni na kava pamoja, tukivigeuza kidogo kidogo kama unavyotoa kabati kwenye mlango mwembamba.

Tulichokiona kwenye shafti kilikuwa ushahidi. Uzi ulikuwa na unga wa kutu ya kahawia, mkavu, bila dalili ya grisi ya aina yoyote. Aliyeifunga mara ya mwisho aliifunga kavu. Na kwenye bega la shafti, pale nati inapokalia, kulikuwa na pete mpya inayong'aa, chuma kimesagana na chuma. Hiyo ilikuwa kazi yetu ya jana. Niliishika puli nikaitikisa juu na chini. Ilicheza. Kidogo sana, lakini ilicheza. Tundu dogo la chini ya pampu, lile linalovujisha maji sili ikichoka, lilikuwa kavu. Sikuweza kusema kama beringi ililegea kwa umri, kwa feni iliyokuwa inayumba mwezi mzima, au kwa bomba letu la mita moja. Labda vyote. Nilimwambia dereva ukweli huo kama ulivyo, nikamshauri tubadilishe pampu pale pale kwa kuwa kila kitu kiko wazi. Alikuwa na mzigo unaomsubiri. Akasema atarudi.

Kufunga hakukuwa na hadithi. Uzi ulisuguliwa kwa brashi ya waya, ukafutwa, ukapakwa utando mwembamba wa grisi ya shaba. Mwembamba, kwa sababu ikizidi inarukia kwenye mkanda. Feni ilikaguliwa nyufa kwenye mashina ya mapanga kabla ya kuhamishiwa kwenye klachi mpya. Klachi mpya ilikuwa imesimamishwa wima tangu itoke kwenye boksi, jinsi itakavyokaa kwenye gari, maana ukiilaza kifudifudi kwa muda mafuta yanaweza kuhama au kuvuja kwenye springi. Nati ilianzwa kwa vidole, mizunguko mitatu kamili bila spana, huku mwingine akibeba uzito wa feni. Nati inayobebeshwa feni wakati wa kuanza inakaa mshazari na kula uzi, na uzi wa shafti ya pampu ukiliwa, safari imeisha. Ilipokaa, tulikaza kwa spana ya kupimia mkazo kwa kipimo cha kitabu cha lori lile. Kijana alishangaa jinsi kilivyo kidogo. Nikamwambia injini itamalizia yenyewe.

Tulipowasha, feni ilinguruma kama ndege, dereva akaruka kutoka kwenye kiti. Hiyo ni kawaida kwa klachi iliyokaa: mafuta yametulia kwenye chumba cha kazi, na mpaka yatakaposukumwa kurudi kwenye akiba feni itashika. Baada ya dakika moja hivi sauti ikashuka. Tukaacha injini ipate moto huku imesimama, boneti imefungwa, mpaka ngurumo ikarudi, safari hii kwa sababu halali, na mshale wa joto ukarudi nyuma nywele mbili tatu na kukaa.

Kwa magari mengine kisa hiki kisingekuwepo kabisa. Toyota nyingi za kazi hazina nati kubwa. Klachi inashikwa kwenye flanji ya pampu kwa nati nne ndogo za spana ya 12, na shida pekee ni nafasi ya mkono. Malori makubwa mengi yana klachi inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa ya breki, na hiyo ni habari nyingine. Pikapu nyingi za Chevrolet zenye mkanda mmoja mrefu zina nati ya 36 na uzi wa kulia, pampu ikizungushwa na mgongo wa mkanda. BMW nilizozitaja zina nati ya 32 na uzi wa kushoto. Watu hukariri orodha kama hizi na kubishana nazo. Mimi nimeacha kukariri. Natazama puli kama ina mifereji, natafuta feni inazunguka wapi, na kama klachi mpya iko kwenye benchi nachungulia uzi wake. Feni ikiwa imeshikwa kwenye kitovu chake yenyewe badala ya pampu, hoja ni ile ile, unatazama kitovu hicho kinazunguka wapi. Na kitabu cha gari kikisema vinginevyo, kitabu kiko juu yangu.

Dereva alirudi baada ya wiki tatu. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye lile tundu la chini ya pampu, tone moja kila baada ya muda. Safari hii kijana ndiye aliyeanza, na mkanda akauacha mahali pake. Alivalisha bati, akaweka spana, akapiga mara mbili, nati ikaachia. Kabla ya kufungua alikuwa amepiga magoti mbele ya rejeta na tochi, akitazama puli, ingawa alikwisha kuijua. Na tulipofunga pampu mpya nikamkuta na kopo la rangi nyeupe, anachora mshale kwenye kava la feni, ukielekea kinyume cha saa, na chini yake ameandika neno moja: FUNGUA.